Chupa imejaa, ila imejaa nini? Mimi na macho ya ng'ombe hapa Tanga

Saa 11 na nusu alfajiri ukinikuta na baiskeli njia ya machinjioni hapa Tanga, nyuma kwenye keria nimefunga deli kama wale wauza aiskrimu, usinisimamishe ukaagiza ya ukwaju. Ndani mna barafu na mikebe miwili mitupu, naenda kuchukua macho. Ya ng'ombe. Wachinjaji walishanizoea, kuna mzee mmoja pale wote tunamwita Babu, akiniona tu anapaza sauti "leteni macho ya binti, daktari wa ng'ombe vipofu kafika", mi namwamkia shikamoo Babu, nacheka nangoja, maana siku nikinuna napewa macho yaliyolala tangu jana na macho yaliyolala hayana kazi kwangu. Nataka ambayo hayajamaliza masaa mawili matatu tangu ng'ombe achinjwe, yawe kwenye baridi ila yasigande, yakiganda barafu inapasua seli zote na hapo umebeba nyama tu.

Watu wakisikia naotesha seli za jicho wanawaza jicho zima linaelea kwenye chupa linakukodolea, hamna kitu kama hicho bana. Unatoa kipande kidogo au tabaka moja tu la jicho, unaliweka kwenye chupa bapa ya plastiki yenye maji ya chakula, sisi tunaita midia, ndani yake kuna sukari, chumvi, vitamini, amino asidi na seramu ya ndama, halafu unaingiza kwenye inkubeta nyuzi 37 na hewa yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5, af unaomba Mungu. Na si mambo ya jana, mwaka 1907 huko Marekani Ross Harrison alining'iniza kipande cha neva ya kiinitete cha chura kwenye tone la limfu akakaa anaangalia uzi wa neva unarefuka. Kwahiyo ni zaidi ya miaka 100 watu wanainama kwenye darubini wanasubiri kitu kiote, mi nimechelewa tu kufika.

Nimeingia huku kwasababu ya mjomba. Mjomba alikuwa anachoma chokaa huko njia ya Pangani, ile ya zamani ya kupanga magogo na matumbawe unawasha moto siku nzima na usiku, mawe yakishaiva yanakuwa meupe mepesi, halafu ndo unayazima kwa maji. Wanaojua kuzima chokaa wanajua, ukimwaga maji inachemka yenyewe bila moto, inavimba inarusha. Mwaka 2009 ikamrukia jicho la kushoto. Waliokuwepo wakamtia maziwa, mwingine akaleta mafuta ya nazi, nia ilikuwa njema kabisa lakini kilichotakiwa ni maji, maji mengi ya kumwagia hapohapo nusu saa nzima bila kusimama na kutoa chembe za chokaa zilizojificha chini ya kope, maana chembe moja ikibaki inaendelea kuunguza tu. Asidi inaunguza juu, mara nyingi yenyewe inagandisha ile nyama inajizibia njia, chokaa haiko hivyo, ni alkali, inayeyusha mafuta ya seli inazama ndani inaendelea na safari. Walipomfikisha hospitali jua lilishazama.

Jicho halikutoka, likabaki, ila likawa jeupe kama maziwa mgando na baada ya miezi mishipa ya damu ikatambaa juu yake kama mizizi. Mi nilikuwa nasoma bado, nakumbuka daktari alimwambia hata tukikubadilishia kioo cha mbele hakitakaa mzee wangu, kitaharibika. Mjomba akaitikia tu. Mi nikaona jibu gani hilo, kama kioo kimeharibika si unaweka kingine? Nilikuja kuelewa miaka mingi baadae. Pale kwenye mpaka wa cheusi na cheupe cha jicho kuna ukingo mwembamba unaitwa limbasi, na humo ndo zinakaa seli mama zinazotengeneza ngozi ya juu ya konea, kile kioo cha mbele, kila siku, zile za juu zinachakaa zinadondoka, mpya zinatoka pembeni zinasogea katikati. Chokaa ilichoma ukingo. Ukipanda konea mpya kwenye jicho lisilo na ukingo ni kama kuhamishia mche kwenye udongo uliomwagiwa dizeli, utakaa kijani wiki mbili.

Basi miaka ikaenda, nikasomea maabara, nikaajiriwa, na kuna mwaka ikatokea nafasi ya kwenda India miezi 6 kujifunza kuotesha seli. Nilipoona neno jicho kwenye ile barua sikusoma mara mbili.

Kule mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mfupi mkali, wote tunamwita Madam, hana muda wa kukusifia. Siku ya kwanza aliniwekea kidishi mbele, ndani kuna pete. Pete kabisa, duara ya nyama nyeupe iliyo wazi katikati. Kumbe daktari akipandikiza konea anakata kile kiduara cha katikati, milimita kama 8 hivi, anamwekea mgonjwa, na ule ukingo unaobaki badala ya kutupwa unakuja maabara kama familia ya marehemu iliridhia. Niliikodolea macho ile pete muda mrefu. Ndo ileile limbasi ya mjomba, ya mtu mwingine, nzima, iko kwenye kidishi cha plastiki. Madam akaniuliza unalia au una mafua, nikasema mafua.

Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi. Unakata pete vipande vidogo kama punje ya mchele iliyokatika, unaviweka kwenye kidishi upande wa ngozi ukiwa juu, na hapa ndo watu wanakosea, hauvizamishi kwenye midia. Unaweka tone tu, kipande kilowe kisielee, unakiacha kishike. Kikishashika ndo unaongeza taratibu. Siku ya tatu au ya nne ukiangalia pembeni ya kipande unaona seli zinatoka nje zinatambaa, zimeshikana bega kwa bega kama watu wanatoka uwanjani, na hazirudi nyuma. Mi nilipoziona mara ya kwanza nilimwita mwenzangu wa Kenya aje aone, akaja akaangalia akasema "ah, si zinatembea hizi" akarudi kwenye chai yake.

Wengine wanaziotesha juu ya utando mwembamba wa kondo la nyuma, lile linalotoka na mtoto. Kwetu kondo linazikwa, bibi zetu hawataki hata mgeni ajue limezikwa wapi, kwahiyo mama yangu nilipomsimulia kwenye simu alikaa kimya kidogo akasema "na mwenyewe ameridhia?" Nikamwambia ameridhia mama, wanasaini. "Haya." Ndo ilikuwa baraka yake.

Na hili si hadithi ya maabara tu. Graziella Pellegrini na wenzake Italia mwaka 1997 walitangaza kwamba wamechukua kipande cha milimita moja ya mraba cha limbasi ya jicho la mgonjwa lisiloungua, wakakiotesha mpaka kikawa shuka, wakakirudisha kwenye jicho lililoungua, wagonjwa 2, wakaona. Njia ya kuotesha waliirithi kwa Rheinwald na Green ya 1975, ambapo chini unatandika seli za panya zilizozuiwa kuzaa, ziwe kama yaya tu, zinalisha hazizai. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ukaipitisha kama dawa kabisa, inaitwa Holoclar. Nikisoma nilikuwa najumlisha, jicho moja limeungua, la pili zima, kipande cha milimita moja. Mjomba wangu huyo huyo.

Nikarudi Tanga nimejaa upepo.

Huku konea ya binadamu sina, na hata ningekuwa nayo kuna vibali vya maadili na ridhaa na mambo ambayo hayaendi kwa haraka, na ndo inavyotakiwa. Kwahiyo mkuu wangu akasema anza na ng'ombe, shika mkono kwanza. Nikaamua kuanza na seli nyeusi za nyuma ya retina, lile tabaka la ndani ya jicho linalopokea mwanga, zile zinazoilisha retina na kula mabaki yake, kwa kifupi tunaandika RPE. Nikawaza kwa ng'ombe ni rahisi, jicho kubwa, seli zinaonekana kwa macho kwa ule weusi wake.

Ngoja niwaonyeshe jicho la ng'ombe linavyofunguliwa maana ni kitu kizuri sana na watu wanakula nyama maisha yao yote hawajakiona. Unatoa misuli na mafuta yote kwa mkasi, unalizamisha kwenye ayodini iliyochanganywa, unasuuza na maji ya chumvi yenye antibiotiki. Unalishika na shashi, unatoboa na wembe nyuma kidogo ya limbasi, unazungusha mkasi mpaka kifuniko cha mbele kinatoka chote na lenzi yake, ile lenzi ngumu kama gololi. Halafu ute unamwagika, mzito kama ute wa yai, unausaidia utoke taratibu kwasababu ukivuta kwa nguvu unaondoka na retina. Retina yenyewe ni kitu laini kama tishu iliyolowa maji, imeshikilia sehemu moja tu pale mshipa wa jicho unapoingilia, unakata hapo inatoka. Na sasa unabaki na kikombe. Chini ya kikombe kuna rangi, bluu ya bahari inaingia kijani inaingia dhahabu, inang'aa, huo ni ule mng'ao unaouona ng'ombe akimulikwa na taa usiku barabarani. Mara ya kwanza nilimwita kila mtu jengo zima mpaka mlinzi. Ila kwenye ule mng'ao seli zangu hazina weusi, ziko kama kioo ili mwanga upite, weusi unaanza pembeni ya mng'ao. Binadamu hana mng'ao huo. Ukisahau utafikiri ng'ombe wako anaumwa.

Halafu kikombe chenyewe unakigeuza chombo. Unamimina tripsini ndani ya jicho, kile kimeng'enya kinachoachanisha seli, unaweka kwenye joto, baadae unapuliza kwa pipeti taratibu na seli zinanyanyuka kama machicha ya kahawa. Taratibu. Mi sikupuliza taratibu. Nilikuwa na haraka nataka nyingi, nikakwangua.

Zikaingia kwenye chupa, na kosa la pili nikawa nafungua inkubeta kila siku asubuhi na jioni nachukua chupa naitikisa kidogo naangalia. Seli zinajaribu kushika chini mi nazitikisa. Ni kama umepanda mbegu kila siku unafukua uone imeota. Zikishakaa siku tatu nne bila kuguswa ndo unabadilisha midia, kabla ya hapo funga mlango kafanye mengine.

Lakini pamoja na yote chupa ikaota. Wiki ya pili ikaanza kujaa, ya tatu imejaa kabisa, unaona kwa jicho la kawaida utando mweupe chini ya plastiki, nikasema haya ndo yale, nimeweza, Tanga hii hii. Nikahesabu kwenye kile kioo cha kuhesabia seli, unapata wastani wa miraba minne unazidisha kwa 10,000, namba ikanifurahisha. Nikapiga picha kwenye darubini nikamtumia Madam kwa WhatsApp na maneno marefu ya furaha na mikono ile ya kusali.

Akajibu baada ya saa moja. "Ni fibroblasti. Mwaga."

Fibroblasti ni zile seli za kuunganisha nyama, si nilizozitafuta. Nilibisha kwanza. Nikamwambia zilikuwa nyeusi zilipoanza, nimeziona. Akasema nyeusi zilikuwa RPE, ziko wapi sasa? Nikarudi kwenye darubini na hasira, nikaangalia vizuri. Seli nyembamba ndefu zimelala upande mmoja zinapinda pamoja kama dagaa wanaofuata mkondo. RPE haiko hivyo, RPE inakaa pembe sita pembe sita kama masega ya nyuki. Masega niliyapata, visiwa viwili vidogo kwenye kona, vimezungukwa na dagaa pande zote. Nilipokwangua nilizama mpaka tabaka la chini lenye mishipa ya damu nikabeba fibroblasti chache, na fibroblasti zikishaingia, hasa ukizilisha seramu nyingi kama nilivyofanya, hazijui kukaa, zinazaa zinazaa mpaka zile ulizozipanda zinakosa pa kukaa. Mkulima yeyote wa Muheza angenicheka. Magugu hayahitaji mbolea, na mi nimekaa wiki tatu nayawekea mbolea nayapiga picha.

Na kuhusu weusi, hapo nilijifunza kitu kilichonikaa sana. Seli ya RPE ikianza kuzaa kwenye chupa haitengenezi weusi mpya kwa kasi ya kuzaliana, inagawa uliopo. Mama anagawia watoto wawili, kila mtoto anagawia wawili, baada ya vizazi vichache kila mmoja ana punje mbili tatu za weusi, af hamna. Kama shamba la babu minazi 40 likigawiwa wajukuu. Kwahiyo seli nyeupe inaweza kuwa RPE halisi, na chupa ukiiangalia rangi tu haikwambii kitu. Inabidi uangalie umbo, uzipake rangi za kutafuta keratini na protini kama RPE65, na uvumilivu, maana nyingine ukiziacha zimejaa zimetulia miezi weusi unaanza kurudi.

Nilimwaga. Niliweka dawa ya kuua kwanza halafu nikamwaga, na nikalala na njaa siku ile bila sababu ya maana.

Baada ya hapo nikawa kama mtu aliyeibiwa, kila chupa naishuku. Na nikaanza kusoma habari za watu wakubwa walioibiwa kuliko mimi, hapo nikapona kidogo. Kuna seli zilikuwa zinaitwa RGC-5, kwa miaka watu duniani wanazitumia kusoma presha ya macho wakijua ni seli za neva za retina ya panya buku, tafiti nyingi tu, baadae vipimo vya DNA vikaonyesha si za panya buku, ni za panya mdogo, na ni seli za koni, zile za retina zinazopokea mwanga, zinazojulikana kama 661W ambazo zilikuwa zinaoteshwa hukohuko. Nyingine za ngozi ya jicho zinaitwa seli za Chang, zikapimwa zikakutwa ni HeLa, zile za saratani ya shingo ya kizazi zilizotoka kwa mama Henrietta Lacks mwaka 1951, seli zenye nguvu kiasi kwamba tone moja likiingia chupa ya jirani limechukua nyumba. Sasa hao wana mashine na mafriza na wanafunzi 20. Mi nina baiskeli. Tangu hapo sifungui chupa mbili za seli tofauti kwa wakati mmoja, kila seli ina midia yake, na siku zote naandika jina kwenye chupa kabla ya kuweka kitu ndani, si baada.

Ukungu sitauelezea sana maana nitaanza kutukana. Tanga waja leo waondoka leo, ila ukungu ukija Tanga hauondoki. Joto hili na unyevu huu wa bahari, halafu ndani ya inkubeta unaweka trei ya maji ili hewa iwe na unyevu, mi mwezi wa kwanza nikaweka maji ya bomba, baada ya siku nane nikafungua nikakuta sufi imeota kwenye chupa saba. Maji yaliyosafishwa kwa joto la mvuke, unabadilisha kila wiki, unafuta kuta na spiriti ya asilimia 70. Siyo 100, ya 100 inakauka kabla haijafanya kazi na haipenyi vizuri.

Ukungu walau unauona. Anayeniogopesha ni maikoplazma, kibakteria kidogo mpaka kinaweza kupenya chujio la maikromita 0.2, hakina ukuta wa seli kwahiyo penisilini haikifanyi chochote, na midia haichafuki, inabaki angavu kama chai ya rangi. Seli zinaendelea kuishi ila zinakuwa wavivu na majibu yako yote yanakuwa uongo. Huioni kwenye darubini ya kawaida, mpaka upake rangi ya DNA au upime kwa PCR. Kuna mwanafunzi alileta chupa kutoka mahali, sitapataja, tukaiingiza kwenye inkubeta kwa heshima ya mgeni bila kuipima. Tulimwaga kila kitu cha miezi minne. Mgeni siku hizi analala kwenye inkubeta ndogo ya pembeni mpaka vipimo vitoke, hata awe mtoto wa nani.

Na umeme. Ukikatika usiku hewa ya inkubeta inapotea, asubuhi midia imetoka kwenye wekundu wa waridi imekuwa zambarau, ina rangi ya fenoli humo ndani inayobadilika, njano ni asidi, zambarau ni alkali. Alkali, neno lilelile la mjomba. Kilichoniokoa ni midia inaitwa L-15, Leibovitz aliitengeneza 1963 iweze kukaa na hewa ya kawaida bila mtungi wa gesi, unafunga kifuniko kabisa, joto tu ndo unalolinda. Kuna usiku nimeziweka chupa kwenye lile lile deli la macho na chupa za maji ya uvuguvugu pembeni, nikakaa nazo na kipimajoto mpaka alfajiri, nakula bada baridi na mchuzi wa samaki uliobaki. Si kila seli inaikubali L-15, zangu zilivumilia, lakini ukiisahau ukaiweka kwenye inkubeta yenye gesi inageuka asidi, usichanganye.

Mwaka uliofuata tukapata seli za binadamu kwa njia halali, za kununua, zimekuja zimegandishwa. ARPE-19, yaani RPE za mtu. Wanaozijua wanajua, karibu kila anayesoma nyuma ya jicho amezishika. Zilitoka kwa kijana wa kiume wa miaka 19 aliyekufa kwa ajali ya gari, zikaelezwa kwa wataalamu mwaka 1996. Nilikuwa nimesoma hiyo habari kama namba tu. Siku ninayozitoa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, inatakiwa uzitie kwenye maji ya nyuzi 37 haraka, dakika moja mbili, unatikisa mpaka ibaki punje ya barafu, kisha unazitoa kwenye ile dawa ya kugandishia maana zikiwa na joto inazidhuru. Huna muda wa kuwaza. Lakini wiki ile ile mtaani kwetu Makorora tulikuwa tumezika kijana wa bodaboda, umri huohuo. Nikasema bismillah nikafungua. Siku ya pili zimeshika chini zimetandazika, zinaendelea na kazi. Sina la kuongeza hapo, ila tangu siku ile siweki muziki masikioni nikizishika.

Sasa nirudi kwa mjomba, maana ndo nilianza nae.

Mwaka jana nikaenda kumwona, nimebeba simu yenye picha na mkate wa kumimina. Nilishajiandaa kumweleza ukweli, kwamba ile njia ya Italia inataka maabara safi kiwango cha dawa, si chumba changu, na kwamba binti yake wa maabara baada ya miaka yote hii anaotesha macho ya ng'ombe. Ila katika kusoma nilikuwa nimekutana na kitu kingine kutoka India hukohuko nilikokaa. Mwaka 2012 Virender Sangwan na wenzake wa Hyderabad walichapisha njia ya kuiruka maabara. Wanachukua kipande cha limbasi milimita 2 kwa 2 kwenye jicho zima, wanakikata vipande 8 mpaka 10 hapohapo chumba cha upasuaji, wanasafisha jicho lililoungua, wanatandika ule utando wa kondo, wanavibandika vile vipande juu yake kwa gundi ya fibrini, basi. Hakuna chupa, hakuna gesi, hakuna ndama. Seli zinatambaa kutoka kwenye vipande palepale juu ya jicho, joto ni la mtu mwenyewe, machozi ndo midia.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje nikakaa. Miaka yangu na ukungu.

Nikamweleza mjomba kwa lugha ya chokaa na ya minazi, na sikumwahidi, nilimwambia jicho lako limekaa na kovu miaka mingi, wanaweza kukwambia ndiyo wanaweza kukwambia hapana, na atakaejibu ni daktari wa macho, si mimi. Akasikiliza amelaza kichwa.

"Kwahiyo jicho lenyewe ndo inkubeta."

"Ndiyo mjomba."

"Na nyie mlinunua mashine."

"Tulinunua."

"Sasa walijuaje kama zitatoka, bila kuziangalia kwanza huko kwenye machupa yenu?"

Nikacheka, nikasema wasingejua. Akanyoosha mkono nimpe simu. Ilikuwa picha ya kipande kile cha India, siku ya nne, seli zimepiga mstari pembeni. Akaisogeza karibu na jicho la kulia, akaniambia niikuze, nikaikuza, akaweka ukucha kwenye seli moja ya mbele kabisa.

"Huyu anatoka au anaingia?"

"Anatoka."

Akaendelea kuangalia mpaka kioo cha simu kikazima, akanirudishia niiwashe tena.